Anajitahidi Tu

"Huyo? Huyo ni mvivu tu. Ungemwona akiwa nyumbani, hungepoteza wakati wako kumuulizia."

Hayo ndiyo maneno ambayo Mama Nyaga, kwa hiari yake mwenyewe, bila kutishwa na mtu, aliyamwaga kwenye simu alipoulizwa kuhusu mwanawe wa kumzaa. Na mtu aliyeuliza alikuwa bosi wa Elirehema, na simu ilikuwa ikirekodiwa. Elirehema aliisikiliza rekodi ile mara mbili ofisini, na mara ya pili alijikuta ameshika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Mama yake mzazi," alisema Mzee Humphrey, akizima. Alikuwa Mmarekani wa Fort Worth, mtu mzima wa tumbo kubwa na subira ndogo. "Nimezeeka katika kazi hii. Sijawahi kusikia mama akimponda mwanawe hivi."

"Hajamponda, mzee. Hizo ni adabu tu."

"Amesema mvivu. Amesema kichwa kigumu. Amesema hata sufuria hajui kuosha. Hizo ni adabu za wapi?"

Za kwetu, Elirehema alitaka kujibu, lakini utaanzia wapi kumweleza mtu kama huyo?

Elirehema alikuwa skauti wa klabu ya Trinity ya Dallas. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vyuo vya Texas akitazama vijana wanaocheza futiboli ya Kimarekani, ule mpira wenye umbo la yai, kisha kuiambia klabu yupi anafaa kuajiriwa. Kila mwaka mwezi wa Aprili klabu zote hukaa siku tatu, kuanzia Alhamisi, kuchagua vijana hao kwa zamu. Kijana ambaye jina lake halijatajwa hadi Jumamosi jioni hurudi nyumbani kwao na kuanza kubisha hodi mlango kwa mlango, na wengi hawafunguliwi.

Na huyu Nyaga, mtoto wa Wakenya wa Stafford kule Houston, alikuwa anafaa. Elirehema alimtazama misimu miwili mizima. Kazi ya Nyaga uwanjani ilikuwa moja: kumfikia mrushaji wa timu pinzani kabla hajaurusha mpira, na kumlaza chini. Kuna mechi moja timu yake ilifungwa vibaya, mvua inanyesha, mashabiki wamekwisha kwenda zao, hata kocha amekata tamaa. Nyaga peke yake alikuwa bado anakimbia, anaanguka kwenye tope, anainuka, anakimbia tena. Elirehema aliyatazama yale akiwa amekaa jukwaani na mwavuli, akasema kwa sauti, pasipo mtu wa kumsikia, "Loh, huyu kijana!"

Sasa mama mtu anasema mvivu. Mvivu gani jamani?

Na laiti angekuwa mama peke yake. Klabu ikimtaka kijana, huwauliza watu wake wote. Mchungaji wao alipopigiwa simu, alisema, "Tunamwombea sana kijana huyo." Humphrey akaruka kwenye kiti: kwani ana kesi? Ana ulevi? Mjomba wake, Elkana, yeye alisema, "Bado ni mtoto, tunamvumilia." Kijana mwenyewe alipokuja kuhojiwa alikaa akiangalia viatu vyake, kama alivyofundishwa kukaa mbele ya wakubwa, na wale wahojaji wakasema hajiamini. Wakati huohuo kuna mama mmoja wa Mesquite alipigiwa simu, akamsifia mwanawe hadi betri ikaisha. Kiongozi huyo! Jasiri huyo! Zawadi kutoka kwa Mungu! Elirehema alikuwa amemwona huyo zawadi. Akiguswa bega anakaa chini.

Jioni ile alifika nyumbani Euless, kando ya uwanja wa ndege wa Dallas, akiwa amevimba kwa hasira. Ndege ilikuwa inapita juu ya paa, kama kawaida ya pale, ikabidi angoje ipite ndipo aanze kulalamika.

"Watu wetu watamuua yule mtoto kwa unyenyekevu," alimwambia mkewe, Flaviana. "Mtu anaulizwa swali rahisi. Mwanao ana bidii? Sema ndiyo! Basi! Inauma wapi?"

Flaviana alikuwa anakata mboga. Hakuinua kichwa. "Mwalimu wa Pelagia alipotuambia mtoto wetu ana akili kuliko darasa zima, wewe ulijibu nini?"

"Nilijibu nini?"

"Ulisema, 'Aa, anajitahidi tu.' Yule mwalimu akaingiwa na wasiwasi, akamtafutia mtoto masomo ya ziada. Pelagia akalia siku nzima."

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti gani, Baba Pelagia?"

Elirehema akasema ana njaa.

Wiki ile Elirehema aliwasha gari akashuka Houston. Humphrey alikuwa amekubali kumpigia Mama Nyaga mara moja zaidi, kwa kumheshimu Elirehema, na Elirehema aliona hili si jambo la kuiachia simu. Alikwenda kumwomba yule mama ana kwa ana. Barabarani alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba, akipiga usukani. Mama Nyaga, nakuheshimu. Mama Nyaga, nakusihi. Mama Nyaga, hebu fungua kinywa chako umwokoe mtoto!

Mama Nyaga, jina lake Immaculate, alikuwa muuguzi. Alimpokea akiwa bado na sare ya hospitali, macho mekundu ya kukesha, na kabla mgeni hajakaa vizuri meza ilikuwa imejaa: chapati, mbuzi wa mchuzi, sukuma wiki, chai ya maziwa kwenye chupa. Mjomba Elkana alikuwepo. Nyaga naye alikuwepo, kakaa pembeni kwenye kiti kilichokuwa kidogo kwake, magoti yamemfika kifuani.

"Kula, Baba Pelagia," alisema Mama Nyaga. "Umekonda. Kwani huko Dallas hawapiki?"

Elirehema alikula kwanza, kwa sababu bila kula hapazungumzwi kitu. Kisha akanawa, akakohoa kidogo, akaanza.

"Mama Nyaga, nimekuja na ombi. Bosi wangu atakupigia tena. Safari hii nakuomba umwambie jambo moja tu zuri kuhusu huyu kijana. Moja tu."

"Jambo kama gani?"

"Kwamba ana bidii."

"Mimi?" Mama Nyaga alijishika kifua. "Mimi nikae nijisifie mtoto? Watu watasema nini?"

"Watu gani, mama? Ni mtu mmoja! Yuko Dallas! Hakujui!"

"Hata kama. Mimi sijui hayo mambo yenu ya ku-market mtoto kama nyumba." Aligeuka kwa Elkana kutafuta shahidi, na Elkana akatikisa kichwa kukubaliana naye. "Kule kwetu Embu kulikuwa na mama mmoja alisimama kanisani akasifia ng'ombe wake. Maziwa hivi, maziwa vile. Unajua kilichompata yule ng'ombe?"

"Mama Nyaga, mimi sijaja kwa habari za ng'ombe."

"Alikufa."

"Pole yake."

"Nikimsifu huyu leo, kesho avunjike goti, wewe utakuja kunisaidia kulia?" Sauti yake ilishuka, na kwa mara ya kwanza Elirehema aliona kwamba yule mama haleti maringo, anaogopa kwelikweli. "Huyu ndiye niko naye peke yake. Wacha nimfunike tu."

"Utamfunika mpaka asionekane!"

Elkana alijitia kushughulika na chai. Elirehema aliomba radhi kwa kupaza sauti katika nyumba ya watu, na Mama Nyaga akamsamehe kwa kumwongezea chapati mbili ambazo hakuzitaka. Mwishowe, walipokuwa wanaagana, alisema atajaribu.

Nyaga ndiye aliyembebea vyakula vya kufungiwa hadi kwenye gari. Kijana alikuwa mkubwa jamani, lile bakuli la mchuzi lilionekana kikombe mkononi mwake. Alizungumza Kiingereza, kama watoto wengi waliokulia huku, lakini alimwita Elirehema mjomba, na alichosema kilikuwa hiki:

"Usimkasirikie Mama, mjomba. Najua ni desturi. Siku niliyochaguliwa mchezaji bora wa mkoa mzima aliniuliza kama nimekula."

"Unajua anakupenda."

"Najua." Aliliweka bakuli sakafuni mwa gari taratibu, asimwage. "Ila siku moja ningependa kusikia. Mara moja tu, kwa masikio yangu. Halafu arudi kunitukana, sawa tu."

Elirehema aliendesha gari hadi Euless.

Humphrey alipiga simu kama alivyoahidi. Mama Nyaga alijaribu kama alivyoahidi. Alivuta pumzi, akasema kwa Kiingereza chake kizuri cha hospitali, "Anajitahidi. Tunamshukuru Mungu." Kisha, kwa kuona labda amevuka mipaka, akaongeza, "Lakini sufuria bado."

Elirehema alitoka akaenda kusimama maegesho, akawatukana wanyenyekevu wote wa Afrika Mashariki, wa bara na wa pwani, mmoja baada ya mwingine.

Basi ikafika Jumamosi, siku ya mwisho ya uchaguzi. Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zimepita na jina la Nyaga halijatajwa na klabu yoyote. Chumba cha Trinity kilijaa makocha, maskauti na vikombe vya kahawa. Ukutani kulikuwa na ubao mkubwa wenye majina ya vijana, kila jina kwenye kibao chake cha sumaku. Lililochukuliwa linatolewa. Kile cha Nyaga kilikuwa chini, upande wa kulia, na hakuna aliyekigusa.

Raundi ya nne, zamu ya Trinity ikafika. Walikuwa wanahitaji mtu wa nafasi ileile ya Nyaga, na ubaoni walibaki wawili wa maana: Nyaga, na kijana mmoja wa Ohio ambaye mama yake, haikosi, alikuwa amezungumza vizuri kwenye simu. Humphrey aligeuza kiti.

"Elirehema. Huyu kijana wenu. Nipe neno, maana dakika zinakwenda. Nimchukue?"

Vichwa vyote viligeuka. Elirehema alikuwa na maneno, siyo kwamba hakuwa nayo. Alikuwa na ile mechi ya mvua. Alikuwa na misimu miwili. Alikuwa na hotuba nyingine nzima, ya kumsifu kijana, aliyoifanyia mazoezi kilomita na kilomita za barabara. Lakini Humphrey alikuwa amesema "wenu," na neno lile likampata penye ubavu. Kijana wetu. Ghafla Nyaga hakuwa mchezaji tena, alikuwa mtoto wa nyumbani, na Elirehema akaona nyuso zile zote zikimngojea ampigie debe ndugu yake, na akahisi aibu, aibu ya kijinga kabisa, ikimpanda shingoni. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Anajitahidi," alisema.

Alisema kwa Kiingereza, lakini lilikuwa neno lilelile, na sauti ilikuwa ileile, hata kile kicheko kidogo cha kujishusha kilikuwemo.

Humphrey alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akanyanyua simu ya mezani. Wakamchukua wa Ohio.

Elirehema alitoka nje, akaegemea ukuta wa ukumbini. Mjinga wewe, alijiambia. Mjinga, mjinga, mjinga! Umemsumbua mama wa watu, umemfokea mezani kwake na chapati zake tumboni, halafu unaulizwa wewe, mara moja, na unasema hivyo? Alitamani kujizaba kofi. Ingekuwa hakuna mlinzi pale mlangoni angejizaba.

Simu yake ikaita. Mama Nyaga.

"Baba Pelagia." Nyuma yake palisikika televisheni na watu wengi, ukoo mzima ulikuwa umekusanyika Stafford. "Tumeona klabu yenu imechukua mwingine."

"Ndiyo, mama."

"Sawa. Ni mapenzi ya Mungu." Kisha akauliza, "Kwani wewe hawakukuuliza?"

Angeweza kudanganya. Ingekuwa rahisi mno. "Waliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Nilisema anajitahidi."

Elirehema alisogeza simu mbali kidogo na sikio.

"Ati anajitahidi?" alisema Mama Nyaga.

"Mama Nyaga, naomba—"

"Anajitahidi! Mwanangu mimi! Nyaga wangu, anajitahidi!" Kule nyuma televisheni ilipunguzwa sauti haraka. "Wewe ulikula chakula changu ukaenda kusema mwanangu anajitahidi?"

"Lakini mama, wewe mwenyewe ulisema mvivu! Ulisema sufuria!"

"Mimi ni mama yake! Mimi nimeruhusiwa! Wewe ni nani?" Alivuta pumzi, na kilichofuata kilitoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Huyu kijana tangu darasa la nane nikitoka zamu alfajiri ninamkuta barabarani anakimbia, giza totoro, amelowa jasho! Nikifika nyumbani nakuta ameniwekea uji mezani! Nilipofanyiwa operesheni ya mgongo nani alinibeba bafuni? Nani alinivalisha soksi? Msimu mzima wa mpira, anacheza Jumamosi, anaendesha usiku kucha kuja kunipikia Jumapili! Anajitahidi! Hakuna kama huyu! Texas yote, hakuna! Hata sufuria anaosha, nilisema uongo, Mungu anisamehe, anaziosha mpaka zinang'aa!"

"Mama Nyaga, punguza sauti," Elkana alisikika.

"Sipunguzi! Nimenyamaza miaka ishirini na mbili!"

Na nyuma kabisa, sauti nzito ya kijana, ikitetemeka kidogo: "Mom?"

"Nyamaza wewe, naongea habari zako!"

Elirehema hakungoja. Alisukuma mlango wa chumba, akapita katikati ya viti, akaiweka simu mezani mbele ya Humphrey na kuifungua spika. Sauti ya Mama Nyaga ikajaa chumba kizima, na makocha wakubwa kwa wadogo wakaacha kahawa zao.

"Nani huyo?" aliuliza Humphrey.

"Mama wa Nyaga. Mama Nyaga, bosi anasikia!"

"Asikie!" alinguruma Mama Nyaga, na hakupunguza hata kidogo.

"Anasemaje?"

Elirehema akatafsiri. Alitafsiri kukimbia alfajiri, alitafsiri uji, alitafsiri operesheni na soksi. Mama Nyaga aliposema huyo bosi ni kipofu na hata miwani haiwezi kumsaidia, alilitafsiri na hilo, na mtu mmoja nyuma akapaliwa na kahawa. Ulimi wake ulikuwa mwepesi sasa. Hakuona aibu yoyote.

Humphrey alisikiliza mikono ikiwa juu ya tumbo. Kisha akanyoosha kidole. "Hayo ni ya mama. Mimi nakuuliza wewe. Wewe uliyemtazama misimu miwili, na ambaye muda si mrefu uliopita uliniambia anajitahidi."

"Mimi nasema mama yake amepunguza," alijibu Elirehema. "Nilichokuambia mwanzo hakikuwa kweli, zilikuwa adabu. Huyu ndiye bora niliyemwona tangu nianze kazi hii. Nimemwona akikimbia kwenye tope timu yake imeshafungwa na uwanja ni mtupu. Hakuwa akikimbia ili mtu amwone. Mchukue. Ukimkosa, utanilaumu mimi, na utakuwa na haki."

"Adabu zenu," alisema Humphrey, "zitakuja kunifukuzisha kazi."

Zamu yao nyingine ilikuwa raundi ya tano. Klabu zilizokuwa mbele yao zilichagua moja baada ya nyingine, na kila jina lilipotangazwa Elirehema aligeuka kukitazama kibao cha Nyaga. Simu ilibaki wazi pale mezani. Hakuna aliyethubutu kuikata. Mama Nyaga sasa alikuwa ameacha kusema na Dallas, alikuwa anasema na ukoo wake mwenyewe, anawaeleza kila mmoja pale sebuleni kijana wake ni mtu wa aina gani, na aliyetaka kupinga ajitokeze.

Trinity wakaitwa. Humphrey aliinuka bila kusema kitu, akakibandua kibao cha Nyaga chini kulia, akakibandika juu. Kisha akarudi, akanyanyua simu ya mezani, akabonyeza namba ya kijana.

Makocha wakainama kuelekea ile simu ya Elirehema. Kupitia spika, kutoka sebuleni Stafford, wakaisikia simu ya Nyaga ikianza kuita.

"Mom," ilisema ile sauti nzito. "Mom, ni namba ya Dallas."

"Wacha iite," alisema Mama Nyaga. "Sijamaliza."

Elirehema akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Mama Nyaga!" alipiga kelele. "Jamani! Mwache mtoto apokee simu!"